Usizime Ijumaa

Juu ya swichi kubwa ya stima katika karakana yetu hapa Voi kuna kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa mkono wangu: USIZIME IJUMAA. Nimesikia mnakicheka. Mmoja wenu alimwambia mwenzake kwamba mzee Salim ni Mwislamu, labda ni mambo ya dini. Mwingine akasema ni uganga wa stima. Chekeni, lakini msikitoe. Nimestaafu, sina mamlaka ya kukirudisha mkikitoa, na hilo ni moja ya mambo yanayoniamsha alfajiri. Kwa hiyo nimeona niwaandikie habari yake.

Shule nilikomea kidato cha pili. Kiingereza changu ni cha vitabu vya mashine. Naweza kusoma kurasa mia mbili kuhusu chipu, lakini mgeni akiniuliza kwa Kiingereza njia ya kwenda stesheni ya treni natafuta maneno. Nawaambia haya kwa sababu mnanitambulisha kwa wageni kama bingwa, nami husimama pale nikitamani mtu aseme ukweli. Ubingwa wangu ni wa kukosea na kuulizwa. Aliyekuwa akiniuliza ni Wakesho, mwenye karakana hii, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Tulimzika kwao milimani. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili, na alikuwa mwalimu wangu.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mke wangu aliishi nami miaka mingi akidhani natengeneza redio. Kuna programu ambazo watu huziona, zenye vitufe na rangi. Halafu kuna programu ya chini kabisa, inayokaa juu ya chipu tupu. Hiyo ndiyo inayoamua nani afanye kazi sasa na nani angoje, saa ni ngapi, mashine ilale lini na iamke lini. Ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Ikikosea, vyote vilivyojengwa juu yake vinakosea pamoja nayo, na wenyewe hawajui kwa nini. Mimi ndiye wa huko chini. Ukiwa huko hupati sifa, na usingizi wako hauwi mzito tena.

Redio nilizitengeneza kweli, barazani karibu na soko. Wakesho alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Nairobi, akarudi, akakodi chumba hiki. Alihitaji mtu mwenye mkono mtulivu wa kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Alisimama akanitazama nikifanya kazi, kisha akasema, "Kaka, wewe huharakishi. Njoo kwangu."

Nilidhani nakwenda kuunganisha waya. Wiki ya pili akaniletea trei ya mayai, ile ya kadibodi, yenye mashimo thelathini. Kila shimo alikuwa ameliandika namba kwa kalamu.

"Kaka Salim, hii ndiyo kumbukumbu ya mashine."

"Hii ni trei ya mayai, mwalimu."

"Mayai tumeshakula. Kilichobaki ni kumbukumbu."

Akanipa maharagwe. Weka matatu shimo la saba. Andika namba saba kwenye karatasi, uiweke shimo la pili. Sasa nenda shimo la pili, soma, ufuate unakoelekezwa, ukaongeze haragwe moja. Mimi nikatia haragwe langu pale pale shimo la pili, juu ya karatasi. Wakesho alicheka mpaka akashika meza.

"Umetumwa kwa watu, umekuta kibao cha njia, ukakaa chini ukakila!"

Wiki tatu nilikaa na trei ile kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta. Nikaona haya, mtu mzima mwenye watoto akicheza na maharagwe, na wapita njia wakichungulia dirishani. Lakini nawaambia, mpaka leo nikisoma programu ya mtu nayaona mashimo. Wenzangu wengine waliosoma kunishinda wanaona maneno tu.

Siku moja akasema kila shimo linachukua maharagwe tisa, si zaidi. "La kumi likija?"

"Nitakataa."

"Mashine haikatai. Inamwaga yote, inaanza sifuri, na inaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Haitakuambia. Haioni aibu. Aibu uione wewe kwa niaba yake."

Somo hilo nililielewa siku ile ile. Nataka mkumbuke kwamba nililielewa, kwa sababu huko mbele mtaniona nikifanya kosa hilo hilo.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha. Programu yangu ya kwanza kuwekwa kwenye kifaa ilikuwa ya king'ora cha kufukuzia ndovu mashambani. Niliiandikia mashine namna ya kuanza kulia, nikaijaribu, ikalia, nikafurahi. Namna ya kunyamaza nilikuwa sijaandika. Betri niliifungia ndani kwa skrubu nane, nami kwa msisimko sikuiona bisibisi. Kililia kuanzia saa tatu asubuhi. Mafundi cherehani wakatoka, wauza mboga wakatoka, na mama mmoja wa nyanya akasimama mlangoni na kisu chake.

"Salim, huyo ndovu yuko wapi? Au tumekuja bure?"

"Ni majaribio, mama."

"Basi jaribu kunyamaza."

Wakesho aliniandikisha kosa hilo kwenye daftari. Hilo ndilo daftari jekundu mnaloliona kwenye rafu. Sheria yake ilikuwa kuandika kosa, na chini yake kuandika swali ambalo ungejiuliza mapema lisingetokea. Si jibu, swali. Chini ya king'ora niliandika: Je, nimeandika na namna ya kuacha? Mkianza kazi, andikeni hivyo. Na mkitafuta kosa, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili na mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na utaishi na hofu ya kutojua.

Alikuwa na desturi nyingine. Kabla kifaa hakijatoka karakana, alisimama mlangoni akamwuliza kila aliyekigusa: "Unaogopa nini?" Ilikuwa lazima ujibu. Unaogopa skrubu ile, unaogopa mvua, unaogopa mstari fulani uliouandika ukiwa na njaa. Alisema babu yake, kabla ya jambo kubwa la nyumbani, alitia maji mdomoni, akayapuliza nje, akasema wazi kilichomkaa moyoni, ili kisije kikaharibu mambo kwa siri. "Mimi maji siyapulizi, nitalowesha vifaa," alisema. "Lakini mtasema."

Nilizoea kusema. Nilisema mambo kumi, mpaka akaniambia nipunguze. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Nadhani ndiyo sababu aliniamini na programu ya chini.

Sasa nije kwenye kadibodi.

Watu wa vijiji vinavyozunguka mlima wa Kasigau walikuwa na fensi ya stima ya kuzuia ndovu. Shida ni kwamba fensi ikikatika au mti ukiiangukia, hakuna anayejua mpaka ndovu wameshaingia kwenye mahindi. Tukaombwa kutengeneza masanduku. Sanduku linakaa kwenye waya, kila baada ya sekunde chache linapima kama stima ipo. Isipokuwepo, linapeleka habari kwa redio ndogo, na king'ora kinalia nyumbani kwa mwangalizi. Tulitengeneza manne, moja kwa kila kijiji. Programu ya chini niliandika mimi peke yangu.

Sanduku la kijiji cha Makwasinyi alikabidhiwa mzee Mwakio. Shamba lake ndilo la kwanza ukivuka fensi, na kila alfajiri binti yake hupita katikati ya mahindi kwenda kuchota maji. Tulipomaliza kulifunga, Mwakio alinishika mkono akanipeleka pembeni ya shamba kunionyesha vishimo vinne ardhini.

"Hapa palikuwa na dungu langu. Misimu mingapi nimelala juu ya miti kama ndege, nikipiga debe? Nimelibomoa. Mbao nimejengea banda la kuku. Sasa nalala na mke wangu."

"Na anafurahi?" akauliza Wakesho.

"Anasema nakoroma. Anataka ndovu warudi."

Tulicheka. Nilivitazama vile vishimo, nikalikumbuka swali la mlangoni, nikaenda kukusanya zana.

Maana kabla ya hapo, siku masanduku yalipotoka karakana, Wakesho alikuwa ameniuliza mlangoni kama kawaida. Nami, kwa mara ya kwanza, nilisema, "Siogopi kitu, mwalimu. Tumeyajaribu mezani miezi mitatu." Nilikuwa nimechoka kuitwa mwoga. Akarudia polepole, "Miezi mitatu," akanitazama, kisha akaketi. Alikuwa amekonda. Sikujua bado alikuwa anaumwa kiasi gani.

Baada ya wiki chache alilazwa hospitali. Nilikwenda kumwona Ijumaa moja baada ya swala. Dada yake Mshai alikuwa pale akimmenyea chungwa. Wakesho hakuniuliza habari za nyumbani.

"Masanduku ya Kasigau yamekaa siku ngapi bila kuzimwa?"

"Leo ni siku ya arobaini na moja."

"Na mezani kwetu, yaliwahi kukaa siku ngapi?"

Nikafungua mdomo niseme miezi mitatu. Halafu nikauona mkono wangu, kama nautazama kwa mbali, ukizima swichi kubwa.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la vitambaa hapa Voi. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alizima swichi kubwa. Alisema moto ukianza naye amesujudu, nani atauona? Nilikua nikimwona akifanya hivyo, na nilipokuja karakana nikaendelea. Wakesho alikuwa Mkristo lakini hakunizuia. Alitumia saa hiyo kwenda kula. Kila Ijumaa, saa sita, swichi chini. Baada ya swala, swichi juu. Masanduku ya mezani yalikula stima hiyo hiyo, bila betri, na sikuwahi kuruka hata Ijumaa moja.

"Siku saba," nikasema. "Hayajawahi kuvuka siku saba."

Mshai aliacha kumenya. Wakesho alifumba macho, nikadhani amelala.

"Saa yako ya ndani inahesabu nini, kaka?"

"Sehemu za elfu za sekunde."

"Na shimo lake linachukua ngapi?"

Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya dawa. Shimo lilikuwa kubwa, zaidi ya bilioni nne. Lakini sehemu za elfu za sekunde hukimbia. Ilikuja siku arobaini na tisa na saa kumi na saba. Kisha saa inamwaga yote na kuanza sifuri, na haioni aibu.

"Nenda," akasema. "Ukirudi uniambie umewaambia nini."

Sikiza, wewe unayeanza, hapa pana kazi ya kujifunza. Huwezi kungoja siku arobaini na tisa ili uone kosa. Nilichofanya Jumamosi ni kuianzisha saa ya sanduku la mezani ikiwa karibu kujaa, imebakiza dakika moja. Kisha nikakaa nikalitazama. Mara ya kwanza likapita salama, likaendelea kupima. Mara ya pili hali kadhalika. Nikaanza kupata matumaini ya kijinga. Mara ya tatu nikakata waya wa majaribio, nikangoja king'ora. Kimya. Nikangoja tena. Kimya.

Kosa lilikuwa hivi. Sanduku lililala kidogo kuokoa betri, na kabla ya kulala lilijiambia: nitapima saa itakapofika namba hii. Kama saa ilirudi sifuri wakati sanduku limelala, liliamka likakuta namba ndogo, likajiambia muda bado, likaendelea kungoja. Lingengoja siku nyingine arobaini na tisa. Dawa yake ni rahisi: usiulize kama saa imefika namba fulani, uliza ni muda gani umepita tangu ulipolala. Mstari mmoja. Nilikuwa nimeusoma kwenye vitabu, nikaupita.

Lakini kilichonitia jasho ni taa ya usoni mwa sanduku, ile inayomwonyesha mwangalizi kwamba linafanya kazi. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzima vizuri kabisa. Niliiandika iendeshwe na mapigo ya saa, si na kazi ya kupima. Na ndani ya chipu kuna mlinzi, ambaye usipomgusa kila mara huizima mashine na kuiwasha upya; huyo ndiye angetuokoa. Mimi nilimgusa pale pale kwenye mapigo ya saa. Kwa hiyo sanduku lingekuwa limekufa, mlinzi ameridhika, na taa inamkonyezea Mwakio kwamba mambo ni sawa, wakati dungu lake ni banda la kuku na binti yake anapita kwenye mahindi gizagiza la alfajiri.

Jumapili nilirekebisha programu, lakini sikuthubutu kwenda kuiweka. Programu iliyosahihishwa kwa hofu haijajaribiwa bado. Kitu kimoja tu nilikuwa na hakika nacho: ukizima sanduku na kuliwasha, saa inaanza upya, na unapata siku nyingine arobaini na tisa. Jumatatu nikapanda lori la simiti kwenda Kasigau. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na lori liliishia kwenye korongo la kwanza. Kuanzia hapo nilitembea.

Mtaniuliza niliwaambia nini watu wa kijiji cha kwanza. Niliwaambia nimekuja kusafisha. Nilifungua sanduku, nikazima, nikahesabu hadi kumi, nikawasha, nikapangusa kioo cha stima ya jua kwa shati langu. Walinipa chai, wakasifu karakana yetu kwa kufuatilia kazi. Niliinywa yote. Kijiji cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo, Jumanne, na mwangalizi wa pale alinipa papai nimpelekee mgonjwa.

Nilijiambia sisemi uongo. Nilijiambia nitarudi na programu mpya kabla muda haujaisha, na hakuna atakayelala na hofu bila sababu. Nilijiambia hayo njia nzima, na mtu anayesema ukweli hahitaji kujiambia mara nyingi hivyo.

Jumatano asubuhi nilifika Makwasinyi na tope mpaka magotini. Mwakio alikuwa anawalisha kuku.

"Karibu, fundi. Umepatwa na nini?"

"Nimekuja kusafisha sanduku, mzee."

Alinitazama miguu. Akatazama mawingu. "Umetembea kutoka korongoni kwenye mvua hii kuja kupangusa vumbi?"

Nikainama kukung'uta tope. Mkewe akacheka kutoka jikoni, "Labda ametumwa na kuku!" Lakini Mwakio hakucheka. Aliweka chini kopo la mahindi.

"Fundi. Sanduku lina nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia swichi ya baba yangu. Ilinichukua muda kumweleza habari ya shimo kujaa, nikaishia kutumia mahindi ya kuku kwenye kiganja chake. Aliyatazama mahindi yakimwagika, kuku wakaja kuyadonoa, na mkewe akatoka jikoni.

"Kulizima na kuliwasha," akasema, "ni kazi ya fundi tu?"

"Hapana. Mtu yeyote anaweza. Hata mara moja kwa wiki ingetosha kabisa."

"Kwa hiyo ukituambia, tunajilinda wenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Usipotuambia, ukasombwa na maji pale korongoni leo jioni, nani anajua?"

"Hakuna. Mwalimu wangu anajua, naye ni mgonjwa."

"Wale wa vijiji vingine uliwaambia?"

Nikatikisa kichwa. Nikasema nitawapigia simu nikifika penye mtandao.

"Uongo uliwapelekea kwa miguu," akasema Mwakio, wala hakupaza sauti. "Na ukweli huu upeleke kwa miguu."

Kisha akaenda kwenye banda la kuku, akaanza kung'oa mbao. Mkewe akauliza kuku watalala wapi. "Kwa fundi," akajibu. Nilimsaidia kusimamisha nguzo za dungu kwenye vile vishimo vinne, na ilipofika mchana nikaanza kurudi nyuma kuzunguka mlima.

Ilinichukua siku mbili. Kila kijiji nilisimama mahali pale pale nilipokunywa chai, nikasema: nilichowaambia juzi si kweli. Sanduku lina kosa, kosa ni langu. Msiiamini taa ya kijani. Kila Ijumaa lizimeni, mhesabu hadi kumi, muwashe, mpaka nirudi. Mama mmoja alinitukana kwa Kidawida, lugha yao, nami nilielewa kila neno. Yule wa papai aliuliza tu, "Na papai umekula?" Nikasema hapana, liko mfukoni. "Basi mpelekee mgonjwa. Yeye hana kosa."

Ijumaa, kilometa chache kabla ya barabara kuu, simu yangu ilipata mtandao. Ilianza kutetemeka mfululizo kama kitu kilichonaswa. Zilikuwa simu za Mshai, nyingi, halafu ujumbe mmoja. Wakesho alikuwa amefariki Alhamisi asubuhi. Jumatano jioni alikuwa ameuliza kama kaka Salim amerudi.

Nilikaa kando ya njia. Hesabu haikuwa ngumu. Kama ningesema ukweli mara ya kwanza katika kila kijiji, ningemaliza Makwasinyi Jumatano asubuhi, nikakata njia ya moja kwa moja hadi barabara kuu, na jioni hiyo ningekuwa kando ya kitanda chake. Siku mbili zilizopotea hazikupotezwa na mvua wala na mashine. Papai lilikuwa limeiva mno. Sikulila, wala sikulitupa. Nililibeba mpaka Voi nikampa Mshai, naye akalipokea bila kuuliza.

Hakuna aliyeumia Kasigau. Wiki tatu baadaye, baada ya majaribio, nilirudi na programu mpya, na mzee Mwakio alilibakisha dungu. Alisema kuku wameshazoea kulala mtini. Siku hizi taa ya kijani inawashwa na kazi ya kupima yenyewe, na mlinzi anaguswa hapo tu; kazi ikikwama, taa inazimika na mlinzi anaamka. Mkiandika programu yoyote, fanyeni hivyo. Ishara ya uhai itoke kwenye kazi, isitoke pembeni ya kazi. Na sanduku moja liko mezani, halijazimwa tangu wakati ule. Hilo ndilo linalolindwa na kadibodi. Stima ya mji ikikatika lina betri yake, lakini waya wa betri hiyo nao unapita kwenye swichi kubwa, na mkono wa mtu mwenye mazoea unaweza kuzima vyote, nami naujua mkono huo. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, ulikuwa ukiinuka wenyewe.

Limebaki jambo moja. Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanipigia makofi, na mmoja wenu akasimama mlangoni kwa mzaha, akaiga sauti ambayo amesimuliwa tu: "Mzee Salim, unaogopa nini?" Mkacheka wote. Nami nikasema, "Siogopi kitu, wanangu."

Nilifika nyumbani, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Kwenye programu ya redio, ile inayopeleka habari kutoka kwenye waya mpaka kwenye king'ora, kuna mstari unaoiambia mashine ingoje kidogo sana kabla ya kutuma. Niliuweka miaka iliyopita, asubuhi moja redio ilipokuwa ikikwama. Nikiuondoa, inakwama baada ya siku kadhaa. Nikiurudisha, inakwenda. Sijui kwa nini. Sijawahi kujua. Nilibadilisha vitu viwili siku ile, kinyume na nilivyowafundisha, kisha nikaandika kando yake kwa herufi kubwa USIGUSE, nanyi kwa kuniheshimu hamjaugusa. Masanduku yote yaliyoko nje yanao.

Uko chini kabisa ya faili ya redio. Anzeni na sanduku jipya mezani, si lile la zamani, na mwandike kwenye daftari jekundu mtakachokiona. Uguseni.